Kumwitikia Shemeji

Nyumbani, 4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imechelewa kama kawaida, na bahasha ina alama ya kidole cha tope. Nilitaka kuifuta, Mama akaniambia niiache, kidole hicho anakijua.

Hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi, ila mdomo wake mzima kabisa. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema "mjomba" anapiga mluzi. Karakana ya shemeji yako naifungua kila asubuhi. Sitengenezi saa, usije ukanicheka. Mikanda nabadilisha, na saa za wateja zilizoning'inia ukutani nazitia ufunguo, maana alinionya kwamba zikilala mafuta yake yanaganda.

Sasa neno langu. Tangu mwanzoni mwa Machi mume wangu hajaniandikia. Huyu ni mtu aliyekuwa akiniandikia hata siku ambazo hana la kusema, ananieleza mawingu tu. Wewe kila barua unaimalizia "shemeji naye anakusalimu sana", maneno yale yale, kama umepiga muhuri. Ninashukuru kwa salamu, lakini salamu za mtu aliye hatua chache kutoka ulipo zingeweza kuja na mwandiko wake.

Mwenye duka la dawa anataka saa yake ya mfukoni. Anasema shemeji yako aliimaliza kabla hajaondoka. Nimepekua kote, siioni. Muulize aliiweka wapi. Na jibu aliandike yeye mwenyewe, hata kwa kijiti cha mkaa.

Dada yako

—

Handakini, 21 Mei

Dada,

Shikamoo. Kwa Mama shikamoo ya kupiga magoti, ingawa hapa ukipiga magoti unazama. Mwambie mpwa wangu asijali meno, mjomba wake naye ametikiswa mawili na biskuti za jeshi.

Mvua haijakatika. Tunasimama kwenye maji, na papo hapo tuna kiu, kwa sababu maji ya kunywa yanaletwa mgongoni na njia ya kuyaletea inapigwa makombora. Mbao tulizotandika chini zimeelea, zinatembea zenyewe. Kuta zinaporomoka, kila siku tunazijaza mifuko ya mchanga. Mimi mpiga lipu nikizitazama roho inaniuma, nyumba ya namna hii ningekataa kuingia hata kwa kualikwa. Chawa tumewazoea, wao ndio hawajatuzoea, wanatuuma kama wageni. Panya ni wanene kuliko sajini.

Viatu havivuliwi ovyo, maana mguu ukitoka unavimba na haurudi. Sajini ametoa amri kila mtu asugue miguu ya mwenzake kwa mafuta, asubuhi na jioni, kwa sababu ya kwake mtu huionea uvivu. Mimi namsugua jamaa tunayemwita Mrefu. Nyayo zake ni kama milango miwili. Yeye ndiye anapata taabu kuliko sote, handaki lilichimbwa kwa ajili ya watu wa kimo cha kawaida, na kichwa chake hakitaki kuelewa hilo.

Shemeji ameumia mkono wa kulia kidogo, kwa hiyo kalamu haishiki. Usiogope. Kuhusu saa, anasema ipo tu hapo karakana, utafute vizuri.

Naye anakusalimu sana.

Mdogo wako

—

Nyumbani, 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ana mafua. Mtoto mzima.

Nianze na miguu. Februari uliniandikia kwamba miguu ya shemeji yako ndiyo unayoisugua wewe, na kwamba ananung'unika kama bibi harusi. Sasa unasugua ya Mrefu. Ya shemeji yako anaisugua nani?

Tena, mume wangu hajawahi kumwambia mtu kwamba kitu "kipo tu hapo". Skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mchanga anakwambia ipo kikebe cha tatu, upande wa dirisha. Hayo maneno ya kutafuta vizuri ni ya kwako. Saa nimeiona, ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, imeandikwa jina la mwenyewe, ndani ya koti lake la kazini.

Hayo ningeyanyamazia. Lakini Jumanne wamekuja watu wawili wa ofisi ya jeshi, koplo na mwenzake. Hawakuketi. Koplo ameniambia mume wangu ametoroka mstari wa mbele. Wamepanda darini. Wamechoma godoro kwa singe huku na huku. Wamefungua hata kabati la vyombo, kana kwamba mtu mzima anaweza kujikunja nyuma ya masufuria. Kisha koplo akamwinamia Mama, "Bibi, mkwe wako umemficha wapi?"

Mama akamjibu, "Mlimchukua ninyi. Mimi ndiye wa kuuliza."

Asubuhi yake mlango wa karakana umekutwa umeandikwa MTORO kwa mkaa. Nimeusugua kwa sabuni, neno linasomeka bado. Mwoka mikate ananiuzia mkate akitazama ukuta. Wateja wanakuja kuchukua saa zao zikiwa bado mbovu.

Unajua kwamba mbele ya stesheni wanajenga ukuta wa kuwakumbuka waliokufa. Mafundi wanachonga majina, utazinduliwa Septemba. Nikipita asubuhi nasikia patasi. Koplo ameniambia siku hiyo nisisogee pale, nitawaudhi waliofiwa.

Mimi si mtoto. Niambie kitu kimoja, yu hai au amekufa. Usiniletee salamu zake.

Dada yako

—

Handakini, 3 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua hii haipiti kwa mkaguzi wa barua. Anaileta Mrefu mwenyewe, anarudishwa nyumbani kwa sababu ya vidole vya miguu. Nilimsugua kila siku na bado vimeoza. Mpe kiti, na usimruhusu aanze kuomba radhi, hatamaliza.

Shemeji amekufa. Alikufa tarehe 9 Machi, asubuhi, kwenye kona ya handaki inayotazama mashariki. Kombora lilipiga ukingo, ukuta mzima ukamwangukia. Mimi nilikuwa nimetoka pale kwenda kuchukua chai yetu sote wawili. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, kisha rashasha ya adui ikaelekezwa pale pale na haijaondolewa mpaka leo. Atokezaye kichwa kwenye kona ile hakirudishi. Wawili walijaribu.

Sasa nikueleze jambo ambalo ukilisikia kwa mwingine litaonekana wazimu. Kikosini kwetu kila asubuhi sajini huita majina. Tangu zamani, mtu akienda kuchota maji, rafiki yake humwitikia, sajini asipoteze muda. Kisha wakaanza kufa. Aliyekufa alikuwa bado yumo humu ndani pamoja nasi, amefunikwa turubai, anangoja kubebwa nyuma akazikwe. Rafiki yake akaendelea kumwitikia mpaka azikwe. Hakuna aliyetufundisha. Sajini alijua, akatuachia, kwa sababu hesabu ya watu ikishuka sana kikosi huvunjwa na sisi kutawanywa kwa wageni, na hapa mtu usiyemjua ndiye anayekuua. Kwa kawaida ilikuwa siku mbili tatu, mtu anazikwa, anaripotiwa, basi.

Basi tarehe 10 Machi, jina la shemeji likaitwa. Mdomo wangu ukasema, "Nipo." Sajini aliinua macho, akanitazama, akashuka kwenye jina linalofuata.

Hatukuweza kumtoa, kwa hiyo sikuweza kuacha. Kila asubuhi nilisema. Na mtu niliyekuwa nimetoka kumwitikia asubuhi, jioni ningekuandikiaje kwamba hayupo? Ndiyo maana salamu.

Mwishoni mwa Mei sajini aliuawa. Akaja luteni mpya, kijana, msafi, anayetaka kila jina liwe na uso wake. Alipofika kwenye jina la shemeji nikaitikia kwa mazoea. Akasema, "Piga hatua mbele." Sikupiga. Hakuna aliyepiga. Akauliza nani ameitikia, kikosi kizima kikatazama tope. Basi akaandika kwamba shemeji ametoroka na kwamba kuna mwenzake anayemfunika. Anamtafuta huyo mwenzake. Aliyemsaidia mtoro hupigwa risasi sawa na mtoro mwenyewe. Watu wananyamaza kwa ajili yangu, na kwa kunyamaza kwao shemeji anazidi kuwa mtoro.

Dada, unayo sasa karatasi yenye mwandiko wangu. Ukiipeleka ofisini, jina lake litasafika. Fanya unaloona ni sawa. Sitakulaumu.

Mdogo wako

—

Nyumbani, 9 Agosti

Mdogo wangu,

Mrefu amefika, na magongo yake mawili, akagonga kichwa kwenye mlango, kisha kwenye taa. Mtoto amemwuliza vidole vyake viko wapi. Amemjibu vimepewa likizo kabla yake. Aliponipa barua alitoka akakaa kwenye ngazi, mvua ikimnyeshea, hakutaka kuwa chumbani nikisoma.

Sikuweza kukuandikia mapema. Kalamu nilikuwa naishika na kuiweka.

Nitakwambia kwanza nilichofanya. Nimekwenda ofisi ya jeshi na barua yako nimeiingiza kifuani. Nimekaa kwenye benchi la mbao pamoja na wanawake wengine, kila mmoja ameshika bahasha yake. Zamu yangu ikafika. Koplo yule yule akaniuliza, "Una habari za mumeo?" Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kifungo cha blauzi. Nikamwambia, "Nimekuja kuuliza kama ninyi mnazo." Akasema, "Huyo tutamwona akiletwa kwa pingu." Wanawake wote pale benchini wamesikia. Nikafunga kifungo, nikarudi nyumbani.

Unasema nifanye ninaloona ni sawa. Yaani umeiweka shingo yako mezani kwangu, jina la mume wangu ukaliweka kando yake, ukanipa kisu, ukasema hutanilaumu. Wewe ni nani wa kutonilaumu? Miezi minne nilikuwa nalala na mtu aliyekufa nikidhani yu hai, namfumia soksi. Mtoto alikuwa akimchorea nyumba. Ningejua Machi, ningelia Machi, kama binadamu wengine. Hilo umelichukua wewe. Najua ulikuwa unafanya kwa upendo na bado nina hasira, yote mawili yamo humu ndani na hayapishani.

Sasa sikiliza. Karatasi yako nimeichoma jikoni. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, hakuna ofisi itakayonifanya nikupeleke kwenye risasi. Na yeye sitamwacha. Jumapili hii nitaketi matanga. Nitafunga karakana, nitahamisha viti sebuleni, nitavaa nyeusi na kufungua mlango wa mbele. Wakiniuliza nimejuaje kwamba amekufa, nitawaambia mume wangu asingeacha kuniandikia angali anapumua. Wakitaka kunifungia kwa hilo wanifungie.

Mama sijamwambia. Ameniona nikitoa nguo nyeusi sandukuni, akaondoka chumbani bila kuuliza.

Wewe nyamaza. Usimwambie luteni neno. Kaa chini, inamisha kichwa, uje nyumbani. Nimezika mmoja bila mwili, wa pili siwezi.

Dada yako

—

Handakini, 11 Agosti

Dada,

Shikamoo, kwako na kwa Mama.

Nimengoja jibu lako zaidi ya mwezi. Nimejiambia labda barua haikufika, labda Mrefu ameanguka njiani, labda umeipeleka. Kisha nikaelewa kwamba huwezi kuniandikia kwa sababu nilikutaka ufanye kazi yangu. Kwa hiyo nimeifanya mwenyewe.

Nilikwenda kwa luteni nikamwambia, "Anayeitikia ni mimi. Na hakuna mtoro. Yupo kwenye kona."

Akauliza, "Kona ipi?"

"Ile tunayoipita tumeinama."

Kumbe kila siku alikuwa anapita pale na hakujua anapita juu ya nani. Akasema, "Maneno yako peke yake hayatoshi. Ndugu wote wangesema hivyo." Nikamwambia nitamtoa. Akasema hawezi kumwamuru mtu kuchimba pale. Nikamjibu sijaomba amri.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mzito, huoni hata mkono wako. Nilichukua koleo fupi. Nilipogeuka nikamkuta nyuma yangu jamaa tunayemwita Padri, kwa sababu hakuna anayetukana kama yeye. Nikamwambia arudi. Akanitukana, akaanza kuchimba. Tulichimba tumelala, udongo tunaupitisha chini ya tumbo kama fuko. Hakusema neno lingine, mara ya kwanza tangu nimjue. Ukungu ulianza kuchanika tulipomfikia. Adui walitufyatulia risasi, wakatukosakosa. Padri amekatwa sikio, anasema ni lile alilokuwa halitumii.

Uso wake sitakuandikia. Kibati cha jina kilikuwa shingoni, luteni amekisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Tumemfunga kwenye koti langu la mvua na kumzika nyuma, penye makaburi ya wenzake, ardhi kavu. Nimemshika miguu mpaka chini. Luteni ameandika mbele yangu kwamba shemeji yangu aliuawa tarehe 9 Machi akiwa zamuni. Kisha akavuta karatasi nyingine akaandika jina langu.

Nipo kwenye chumba cha makoleo, mlinzi yuko mlangoni. Nitahukumiwa nyuma huko, kwa kudanganya hesabu ya kikosi. Padri anasema kwa kuwa hakuna mtoro hawana wa kunipigia risasi, ila jela sijui. Padri si wakili.

Asubuhi hii nimesikia majina yakiitwa, ukuta wenyewe ni mbao tupu. La shemeji halikuitwa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Mwambie Mama kwa namna unayoijua wewe.

Mdogo wako

—

Nyumbani, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nilikukataza usiseme, nawe ulikuwa umeshasema. Tangu utoto ninakukataza mambo yaliyokwisha kufanyika.

Matangani Jumapili ile alikuja Mrefu akakaa karibu na mlango, kila kiti kilikuwa kifupi kwake. Akaja mwenye duka la dawa. Kisha wanawake wawili wa lile benchi, siwajui majina, waliketi mpaka jioni. Watu wa mtaani walipita upande wa pili. Mwoka mikate alifunga dirisha.

Ijumaa koplo amerudi, safari hii kofia mkononi. Amesoma rambirambi za jeshi amesimama wima. Mchonga mawe ameshapewa jina, na siku ya uzinduzi nimewekewa kiti mstari wa mbele. Mwoka mikate ameleta mikate mitatu. Nimeipokea, sina nguvu ya kumkataa kila mtu.

Mama nimemwambia yote, lako na lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ulimfunika vizuri. Nikasema kwa koti lako la mvua. Akasema, "Basi huyo mtoto sasa analoa," akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Koplo alikuwa na karatasi nyingine. Kabla hujahukumiwa, sheria yao inataka mjane aulizwe kama ana lalamiko dhidi ya mtu aliyeficha kifo cha mumewe. Alinong'ona kwamba nikisema sina, huenda wakakupunguzia. Alikuwa ananisaidia, nadhani. Alikwisha chovya kalamu.

Nimemwambia ninalo.

Akashtuka. Akasema, "Fikiri kwanza, mama. Huyu ni ndugu yako."

Nikamwambia ndiyo sababu. Lalamiko ninalo, ni refu, na haliandikiki kwenye mstari ule mmoja walioniachia. Nitamwambia mwenyewe, hapa mezani, ana kwa ana, na hatainuka mpaka nimalize. Kwa hiyo waniletee huyo ndugu yangu.

Akasema hilo si jibu la kisheria. Nimemwambia aliandike hivyo hivyo nilivyolisema. Ameandika. Nimetia sahihi chini yake.

Dada yako